Posa ya Matairi

Usiku wa jana niliota mwizi wa matairi amekuja kwangu kuposa.

Kwanza niseme hali ilivyokuwa kabla sijalala. Leo binti yangu Mwajabu anaolewa, na niliapa mbele ya watu kwamba atatoka nyumbani ndani ya gari langu, si la kuazima. Tairi moja limekwisha upepo. La akiba ninalo. Lakini kila tairi nimelifunga nati moja ya kufuli, tangu jirani yangu Shekiondo alipoamka akakuta gari lake limekalia matofali. Nati hiyo haifunguki ila kwa ufunguo wake, kichuma kidogo chenye meno kwa ndani. Ufunguo huo niliuficha vizuri, hata mimi siuoni. Mke wangu amesema nimemshinda mwizi, na mwenye gari nimemshinda pia.

Basi, katika ndoto naingia sebuleni. Matairi yangu yote yamekaa mkekani, yamejifunika kanga, yametazama chini. Mwizi amekaa mbele yao kwa adabu, kanzu yake imepigwa pasi. Mshenga wake ni jeki.

"Tumepita nje tukaona maua," anasema jeki. "Tukasema tupige hodi."

Namwambia kwamba huyo mwenzake hajawahi kupiga hodi popote. Jeki anajibu kwamba watu hubadilika. Mke wangu analeta chai. Mwizi anashukuru, anaomba sukari kidogo.

Hapo nati ya kufuli inatoka kwenye tairi la mbele, inakwenda kusimama mlangoni. Kichwani imepakwa hina, bado mbichi.

"Mimi ndiye shangazi yao," inasema. "Hawaondoki hawa bila ufunguo wangu."

Jeki anatoa noti. Shangazi anaitazama tu.

"Hiyo kampe komeo. Mimi sili hela."

Mwizi anainuka na spana, anajaribu kumzungusha kwa heshima zote. Spana inateleza.

"Baba, unanitekenya," anasema shangazi.

Mara sebule si sebule tena, ni barabara ya Segera. Mkeka uko katikati ya lami, mlango umebaki umesimama peke yake, malori yanapita polepole yasije yakamwaga chai. Mwajabu amekaa juu ya lile tairi lisilo na upepo, na shela lake.

"Baba," ananiuliza, "tunaondoka au hatuondoki?"

Namwambia ufunguo siuoni. Shangazi ananigeukia. Nilidhani atanitetea.

"Mwizi hana ufunguo kwa sababu hakupewa," anasema. "Wewe unao. Umeutia kwenye nguo usiyotaka kuivaa."

Nikasema sina nguo ya namna hiyo. Malori yakazima injini, madereva wakanitazama. Nikaona aibu. Nikamshika shangazi kichwani ili nimsogeze mwanangu apite, dole gumba langu likazama kwenye hina.

"Umeniharibia," akasema. "Lakini haya, leo shughuli."

Mwizi akaomba afungiwe pilau ya kubeba. Akafungiwa.

Nikaamka, jua limeshatoka. Koti langu la harusi lilikuwa limetundikwa ukutani. Wiki nzima mke wangu amenibembeleza nilivae kulijaribu, na kila siku nilimwambia kesho. Mtoto ninaye huyo mmoja. Ukishavaa koti lile, ndiyo basi, umekubali.

Nikalivaa juu ya fulana ya kulalia. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa ndani, nilikoutia mwenyewe siku nilipolichukua koti kwa fundi, nikijua mwizi hawezi kuhangaika na koti.

Nikaenda nje kuchuchumaa kwenye gari. Mwajabu akatokea mlangoni, mikono ameinyoosha mbele na hina yake, akaniuliza mbona nimevaa mapema hivyo. Nikamwambia nimevaa, basi. Akacheka, nami nikacheka. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyotegemea.

Aliporudi ndani nikainama nifungue. Kwenye kichwa cha nati ya kufuli palikuwa na hina, bado mbichi, na katikati yake alama ya dole gumba. Nikaweka langu juu yake. Likaenea sawasawa.

Nikaifuta kwa leso, taratibu, nikapachika ufunguo.