Shahidi wa Baiskeli Kuukuu

Kifuniko cha birika kilianza kucheza juu ya moto, ti-ti-ti, na majogoo bado hawajawika. Bibi Gololi alikuwa macho zamani. Usiku kucha alikuwa amegeuza neno moja mdomoni kama mtoto mwenye peremende, anayeogopa kuimaliza kabla wenzake hawajaiona.

Kaka yake alikuwa amemwita. Kaka waliyenyonya naye ziwa moja, ambaye hakuja kumpa pole hata alipofiwa na mume. Alimtuma binti yake na ujumbe: watu wa makumbusho wamepata baiskeli ya zamani isiyo na jina la mtengenezaji, naye amewaambia aliiunda yeye. Lakini mtu hajitolei ushahidi mwenyewe. Wanamtaka mwingine aliyefanya kazi kwenye karakana ilikoundwa, na wote wamekwisha kufa, amebaki dada. Akisema ndiyo, jina la kaka litachongwa kwenye kibao cha shaba.

"Anataka hilo tu kabla hajafa, shangazi," binti alisema.

"Nitakuja," alijibu Bibi Gololi. Hakusema anakuja kufanya nini.

Majirani wanadhani jina la Gololi alipewa kwa sababu ya macho yake ya mviringo. Laiti ingekuwa hivyo! Alilipata karakanani, enzi za usichana wake, lilipopotea boksi zima la gololi za baiskeli. Alilichukua mtoto wa tajiri mwenye karakana. Kaka alimwona kwa macho yake mawili, akaja kumnong'oneza dada yake jioni ileile. Kesho yake tajiri akamsimamisha dada mbele ya mafundi wote, akamuuliza kaka, "Wewe umeona nini?" Kaka akatazama viatu vyake. "Sikumbuki," akasema. Mwezi haukuisha, akafanywa msimamizi. Dada alitolewa nje, aproni yake ikipekuliwa huku watu wakicheka, na jina likamfuata mpaka kwenye mvi.

Neno alilolala nalo lilikuwa hilohilo la kaka. Leo ni zamu yake kulisema.

Alipofika, binti wa kaka alimpokea mkoba, akasogeza kiti chake kutoka kwenye jua, akamwekea na kigoda cha kupumzishia mguu. Wala hakuwa ameambiwa kwamba mguu unauma, aliuona tu. Bibi Gololi alishika mkono wa mtoto yule kidogo kabla ya kuuachia. Huyu hana kosa, aliwaza. Kisha akamtazama babaye kitandani, mifupa na shuka, na moyo ukarudi ulikokuwa.

"Umekuja, mdogo wangu."

"Si umeniita?"

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani. Mtaalamu wa makumbusho, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya pole, alichuchumaa kando yake. "Mama, tazama kwa nafasi yako. Hatuna haraka."

Hakuhitaji nafasi. Maungio yote ya fremu yalikuwa yamepigwa tupa yakachongoka kama ncha ya jani. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa na subira ya kufanya vile, na mtu huyo sasa alikuwa akipumua kwa shida nyuma yake. Vizuri, aliwaza. Hakuna shaka hata chembe. Uongo utakuwa mtamu zaidi.

Kisha akaona magurudumu.

Penye kila makutano ya spoku palizungushwa waya mwembamba wa shaba, ncha yake ikapindwa ndani isije ikamkwaruza mtu anayeosha. Ule waya aliuzungusha yeye, kwa vidole hivi ambavyo siku hizi havifungi hata kifungo. Hakuwa amejua kwamba kuna kitu chake kilichobaki duniani.

"Umeona hizo nyaya?" mtaalamu alisema. "Fremu ni ya mtu mmoja, magurudumu ni ya mwingine. Tukiwajua, tutachonga majina yote mawili."

"Magurudumu ni yake!" kaka alidakia kutoka kitandani. "Mimi fremu, yeye magurudumu. Hapakuwa na fundi aliyemfikia. Mwambie, mdogo wangu!"

Maisha yake yote hakuwahi kumtaja mbele za watu. Leo anamtaja, kwa sababu leo anamhitaji. Bibi Gololi alikijua chambo alipokiona, ingawa chambo chenyewe kilikuwa kweli tupu. Alikigusa kile kiwaya kwa kidole. Kulitaja jina lake ni kulitaja na la kaka. Watu wazima walisema, usikate pua kuunga wajihi, uso ndio utakaoharibika. Yeye alikata.

"Sikumbuki," alisema.

Binti aliyekuwa akimimina chai alisimamisha mkono.

"Hata magurudumu, mama?"

"Hata hayo."

Mtaalamu aliinuka. "Basi itabidi tuandike mtengenezaji hajulikani." Aliwashukuru wote wawili kwa adabu, akaisukuma baiskeli nje, na binti akatoka kumshikia mlango.

Walibaki ndugu wawili. Machozi ya kaka yalikuwa yakiingia masikioni, na Bibi Gololi aliyatazama bila kugeuza uso. Alikuwa ameogopa kwamba siku ikifika hatasikia utamu. Aliusikia.

"Umejifuta na wewe," kaka alisema.

"Tukose wote."

"Basi tumelipana."

"Tumelipana wapi? Wewe ulikula usimamizi mpaka ukazeeka. Mimi nimekula asubuhi moja tu."

Kaka alijaribu kucheka, kikohozi kikamkamata. Bibi Gololi akamwinua kichwa, akamnywesha maji, akamlaza tena, kama ambavyo mtu angemfanyia mgonjwa yeyote. Kisha akachukua mkoba wake na kuelekea mlangoni.

"Humu ndani wananihurumia wote," kaka alisema. "Wananiongelesha kama kitoto kichanga. Njoo tena, mdogo wangu. Hata kama ni kunisimanga, njoo. Utakuja?"