Kiti cha Mjane wa Toraji

Kuramochi aliuza mipini ya miavuli kabla hajawa mwenye kiwanda, na akili yake ilikomea hukohuko kwenye mipini. Sadae alimjua hivyo. Shata, kile kijimlango cha mabapa matano ya chuma kinachofumbua jicho la kamera na kulifumba, aliitengeneza mumewe Toraji jikoni kwao, mtaani Itabashi, vita vilipokwisha, kwa kufungua kamera mbovu ya Kijerumani juu ya shuka. Kuramochi alileta banda na mdomo.

Toraji akafa kwa kifua. Sadae akabaki kiwandani akiunga shata.

Kiwanda kilipotimiza miaka kumi, Kuramochi akaandikisha kitabu cha historia yake, kama wafanyavyo wenye viwanda vikubwa. Humo ilisemwa kwamba siku moja alitazama ua la plamu likifunua petali zake tano, ndipo akaibuni shata. Jina la Toraji halikuwamo. Na mti wenyewe wa plamu Sadae aliujua: uko nyuma ya choo, na Kuramochi akilewa huukojolea.

Alimfuata ofisini kuomba mstari mmoja tu wenye jina la mumewe. Kuramochi akatabasamu kama anayegawa pipi. Kitabu kiko kwa mchapaji, akasema, kinangoja picha ya sherehe tu, ila asijali, kwenye picha hiyo Toraji atabandikwa pembeni juu, ndani ya kiduara.

"Pale hubandikwa waliokosa kufika, bosi," Sadae alisema. "Mume wangu alifika. Wewe ndiye uliyemkuta."

"Shemeji, usinikoroge. Utakaa mbele, ubavuni mwangu. Yatosha."

Sadae alijua kwa nini anatakiwa mbele. Wanunuzi wa kampuni ya kamera walimfahamu Toraji. Wakimwona mjane wake ametulia pale, hawatauliza neno.

Siku ilipofika walikula wali mwekundu wa maharage, viti vikapangwa uani, kila mtu na cha cheo chake. Mpiga picha alikuja na kamera ya Kijerumani. Kuramochi mwenyewe ndiye aliyeitaka. Hakupenda kubahatisha na shata yake.

Sadae akasimama mlangoni na aproni yake. Kuramochi akamwita kwa jicho, kisha kwa kidole, kisha kwa sauti ya asali iliyochacha.

"Shemeji, wewe tu tunakungoja."

"Jina likiingia, naja."

Kuramochi akacheka, akawaambia wageni kwamba mjane tumbo linamsumbua, akamwamuru meneja ahamie kile kiti. Meneja akainama, akasema hastahili, akae msimamizi. Msimamizi akainama, akamtaja fundi mkuu. Fundi mkuu akamrudishia meneja. Nani angekalia kiti kilichozidi cheo chake mbele ya wanunuzi, kesho asengenywe mpaka akome? Na kukiondoa kulitaka wanunuzi wenyewe, walioketi safu hiyohiyo, wainuke wasogee, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulisema. Wakasukumiana heshima hivyo hadi mpiga picha, aliyekwisha kuwachoka, akafyatua.

Kitabu kikatoka. Hadithi ya plamu hakuna aliyeisoma. Vitabu vya namna hiyo watu hufunikia mabakuli ya tambi. Walitazama picha. Na kila aliyeitazama, hata mke wa Kuramochi, aliuliza kile kiti kitupu ubavuni mwa bosi ni cha nani.

Kiwandani walijibu bila kuinua macho kwenye kazi. "Cha nyumba ya Toraji. Ndiye aliyeitengeneza shata."

Kuramochi akiwa karibu, jina hilo walilisema kwa sauti kubwa kidogo.