Mnara wa Wifi

Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, wakala wa serikali wa mafunzo ya ufundi ulifungwa, na Mama Cheche akabaki fundi nusu. Jina hilo la Cheche alibandikwa na wenzake darasani, kwa kuwa kila alipowasha mashine ya kuchomelea aliruka kinyumenyume kama aliyekanyaga kaa la moto. Alikuwa amejifunza kuunga vyuma vilivyolazwa mezani. Vilivyosimama wima, mwalimu alisema, ni somo la muhula ujao. Muhula huo haukuja.

Mtaa wote uliumia. Waliopangisha wanafunzi walibaki na vyumba vitupu. Duka la vyuma likapunguza wauzaji. Fundi mkubwa, aliyezoea kuajiri vijana kutoka kwa wakala, akakosa wasaidizi, akahamia mji mwingine na mashine zake. Kazi zilikuwapo, wa kuzifanya hawakuwapo. Ndipo wifi yake, dada wa mumewe, mwenye nyumba ya kulelea watoto wadogo, alipomwomba amtengenezee mnara wa kuwekea tangi la maji.

Angeweza kukataa. Lakini wifi alikuwa amekwisha kutangaza kila kona kwamba fundi yumo humu humu katika familia, na mama huyu, aliyezoea kuitwa mzigo wa kaka mtu, alionja sifa ile akashindwa kuitema. Akaazima mashine, akaunga miguu minne ya mnara. Maungio yakatoka na matundu kama mkate. Aliyaona. Akayapaka rangi ya buluu, mara mbili, hadi yakapendeza.

Siku ya kupandisha maji kwenye tangi, lililokwisha kuwekwa juu ya mnara, wazazi waliokuja kuwachukua watoto wao walisimama kutazama. Watoto wenyewe walikuwa wameketi chini ya mnara, kwenye kivuli. Wifi alisimama karibu na swichi ya pampu, akiwatania wanaume kwamba waje wajifunze kazi kwa mwanamke. Mama Cheche alicheka pamoja nao. Akajiambia kwamba pengine mnara utahimili. Kisha mtoto mmoja akauegemea mguu mmoja, akaanza kujikuna mgongo.

"Wifi, usiwashe pampu."

"Umeanza. Unataka tukusifu tena?"

"Mnara haufai. Sijui kuunga chuma kilichosimama. Sikufika huko, nikaficha kwa rangi."

Wifi aliwaondoa watoto mmoja mmoja, akiwashika mikono, kabla ya kumgeukia.

"Ungeniambia hujui, ningekucheka siku moja yakaisha. Sasa wazazi hawa nitawaambia nini?"

Tangi likateremshwa, na Mama Cheche akaikata miguu ile mbele ya macho yao wote, uso ukimwaka kuliko chuma. Juma lile wazazi wawili waliwahamisha watoto wao. Fundi wa mbali alisubiriwa kwa muda mrefu, na muda wote huo maji yalichotwa kwa ndoo; aliyechota ni Mama Cheche, bila kuombwa. Wifi aliendelea kumwita wifi, lakini neno fundi halikumtoka tena kinywani.

Nawe uliyesoma hadi hapa, msimulie mwenzako, hasa yule aliyekatiziwa mafunzo njiani na ambaye leo anaitwa fundi na watu wanaompenda. Mwambie aseme mapema pale alipoishia.