Je, Mwajiri Anakulazimisha?

...je, mwajiri wako anakulazimisha kufanya kazi nyumbani, ndiyo au hapana, kisanduku cha tatu hakuna kwenye fomu hii ya kodi, na Howard yuko jikoni anachemsha maji ya chai, anapiga mluzi, nafuu ya kodi kwa wanaofanyia kazi nyumbani ni paundi sitini na kitu kwa mwaka lakini ameishikia bango tangu Jumapili, "Haki yetu hiyo, Janine, kazini kwetu wote walidai," na kweli walidai, mwaka ule wa barakoa, ulikuwa unabonyeza mara mbili basi, mume wangu hajui kwamba siku hizi wanataka ushahidi, barua ya mwajiri, na barua niliyo nayo mimi ni ya Philippa, meneja wangu, ya juzi tu, Janine, meza yako ipo palepale, sote tulisharudi ofisini, njoo hata siku moja kwa wiki... sote, miaka mitatu sasa, ni mimi niliyeomba kubaki nyumbani, mimi kwa mdomo wangu, halafu nikamwambia Howard kampuni imefunga ghorofa yetu ili kubana matumizi, nilidhani ni uongo wa wiki moja, akanipa pole, akatoa kitanda cha wageni chumba hiki kiwe ofisi, akanitengenezea rafu, "Wanyonyaji hao, wanakula umeme wetu," nami nikaitikia, wanyonyaji, nikaitikia mpaka nikaamini, nimeichukia kampuni bure... nitamwambiaje ilikuwa tramu tu, ile treni ya mjini ya asubuhi, kutoka Oldham kwenda kazini, watu kimya na simu zao, ghafla hewa ikanikatika, moyo ukanienda mbio, nikashuka kituo kisicho changu nikakaa chini mvuani, mwanamke mmoja akaniuliza, "Uko sawa, dada?" nikasema niko sawa, asante, ndivyo tunavyojibu huku hata mtu akiwa anakata roho, nikarudi kwa miguu, maili nne, na tangu siku hiyo kila nikishika kitasa cha mlango wa mbele mikono inalowa jasho, maziwa ananunua Howard, mkate Howard, harusi ya mpwa wangu nikasingizia mafua, naogopa, basi, naogopa, neno lenyewe sijawahi kulisema hata nikiwa peke yangu... "We Janine, fomu ya dakika kumi hiyo, unaandika wosia?" "Namalizia," nasema, na kidole hakisogei, nikijibu ndiyo naidanganya serikali, nikijibu hapana Howard atauliza hapana kivipi, na nikiifunga fomu ataijaza yeye, ana bidii huyo, atampigia Philippa mwenyewe kudai barua... anakulazimisha, eti, Philippa hanilazimishi, Howard hanilazimishi, mlango haukufungwa na mtu, miaka mitatu nimekaa humu na hakuna aliyeniuliza ni nani aliyekuweka, nimekuja kuulizwa na watu wa kodi, inachekesha... vijiko vinagonga vikombe, anapanda ngazi, ngazi ya nne inalia, na mimi nimeshaifungua barua ya Philippa imejaa skrini nzima, kisanduku nyuma yake bado kitupu, "Haya, imekwama wapi?" anauliza mlangoni, mikono yote ina chai, nasogeza kiti apate pa kukaa, "Weka vikombe chini, Howard," nasema, "usome hii kwanza, halafu nikwambie."