Miguu Isiyosikia Moto

Wapagazi wote wa mlima Rinjani waliijua miguu ya Amaq Serinah, yaani Baba Serinah, na yeye mwenyewe alihakikisha wanaijua. Kilo thelathini begani, zimening'inia kwenye ncha mbili za mwanzi, kandambili miguuni, na anapanda changarawe kama anakwenda sokoni! Huu ulikuwa mwaka wa pili hasikii mwiba wala jiwe. Kwa wapagazi hiyo ni heshima: mguu ukifa ganzi, wanasema mlima umekukubali. Upuuzi mtupu, lakini waliuamini, na yeye aliuamini kuliko wote.

Cha ajabu, miguu ya wageni aliitunza vizuri ajabu. Kila wakipumzika: vua viatu, vua soksi, tuone. Anakausha katikati ya vidole, anabandika plasta pale palipoanza kuwa pekundu kabla hapajatoka lengelenge, anawakata kucha watu wazima wenye ndevu zao. Ya kwake hakuitazama hata siku moja.

Siku ya tatu ya safari, walipofika ziwani mchana, akaanza na Bu Wening, mwalimu wa kike kutoka Surabaya. Amemshika kisigino, mara mwalimu akashtuka.

"Baba, unatoka damu!"

Amaq Serinah akageuza unyayo. Kibanzi cha mwanzi, urefu wa kidole, kilikuwa kimezama chini ya dole gumba, na nyama pembeni imeshakuwa nyeusi. Kiliingia lini? Hakujua. Kidonda kilinuka, kwa hiyo si cha leo.

"Si kitu, mwalimu. Miguu hii haijui kuuma."

"Ndiyo maana naogopa. Mama yangu alianza hivihivi. Umeshapima sukari?"

"Sukari naitia kwenye kahawa, sipimi."

Mpagazi mwenzake, Amaq Rumasih, aliyekuwa akipuliza moto wa wali, alicheka mpaka akapaliwa na moshi.

Lakini Amaq Serinah aliyakumbuka mengine. Kiu ile isiyokatika, suruali inayomvuka kiunoni, Inaq Serinah mkewe anayemwambia kila siku nenda zahanati, mume wangu, nenda. Asingekwenda. Mpagazi akionekana zahanati kwa ajili ya mguu, kesho mzigo wake anapewa mwingine. Na bila mlima, yeye angekuwa nani? Mzee wa kufukuza kuku uani. Aliogopa hilo kuliko kidonda.

Dawa si ilikuwa palepale! Aik Kalak, maji ya moto yanayotoka mwambani karibu na ziwa. Kila Msasak, mwenyeji wa mlima ule, amekua akiambiwa maji yale yanatoa ugonjwa mwilini. Watu huoga kwenye mabwawa ya chini yaliyopoa. La juu kabisa, ambalo mvuke wake unachoma uso, hakuna anayelisogelea. Amaq Serinah akachomoa kibanzi, akapanda hukohuko juu. Ugonjwa mkubwa unataka moto mkubwa, ndivyo alivyojiambia.

"We Amaq! Toka huko, utaiva!" Amaq Rumasih akapiga kelele.

"Utaiva wewe mwenye miguu ya kichanga!"

Akaitumbukiza yote miwili mpaka juu ya vifundo, akawasha sigara, akaivuta yote taratibu. Hakusikia kitu. Alifurahi, jamani. Alifurahi kweli, akawapungia mkono.

Alipoitoa, ngozi ya mguu wa kulia ilibaki jiweni. Amaq Rumasih akamtazama, kicheko kikamkatika. Mwalimu alivua kitambaa chake cha kichwani, akamfunika miguu huku analia, na Amaq Serinah ndiye aliyekuwa anambembeleza: "Nyamaza, mwalimu, haiumi, wallahi haiumi."

Walimshusha kwa siku mbili, amelazwa kwenye kitambaa kilichofungwa kwenye mwanzi wake mwenyewe, wanaume wawili huku na huku. Kila walipopishana na wapagazi wengine alijifunika uso.

Hospitalini, mjini Mataram, daktari, msichana wa umri wa bintiye, hakumficha.

"Baba, wa kulia tumeukosa. Tunaupigania huu wa kushoto. Kama una hisia humo, pana matumaini. Fumba macho. Nitakugusa kwa waya huu kuanzia vidoleni mpaka gotini. Ukisikia, sema ndiyo."

Akafumba. Mkewe alisimama kando ya kitanda, amekumbatia begi la nguo. Amaq Serinah akajikaza, akatega fahamu zake zote mguuni, maana safari hii alitaka kusikia. Alitaka hata mwiba. Akasubiri. Kimya. Akasubiri tena, akadhani labda daktari ameitwa nje.

"Anza basi, daktari," akasema. "Niko tayari."

"Nimeshamaliza, baba."

Akafumbua macho. Waya ulikuwa umeshawekwa mezani, na Inaq Serinah, aliyeona kila ulipogusa, alikuwa ameficha uso kwenye begi.