Aliyeulizwa ni Mkwe

Mguu ulikuwa wa Bi Carlota, na maumivu yalikuwa yake peke yake, lakini daktari alikuwa akimuuliza Inasio.

"Ameumia lini?"

"Jumatatu, Daktari. Amejikata na jembe shambani."

Jumatatu! Alijikata tangu Ijumaa. Jumatatu ndiyo siku Inasio alipouona mguu umevimba hadi gotini. Bi Carlota aliuma meno ndani ya kanga aliyojifunika usoni. Angesema nini? Inasio ni mume wa binti yake, na kwao Wamakua mama mkwe hasemi na mkwewe wala hamtazami usoni. Miaka mitano wamekaa ua mmoja kule Kitaya, na kila walichotaka kuambiana kilipitia kinywani mwa binti, Lucinda. Sasa Lucinda alikuwa amejifungua juzi, hawezi kupanda lori la korosho hadi Mtwara mjini. Ikabidi mkwe ndiye amlete.

"Anakula vizuri?"

"Anakula, Daktari."

Huyo naye! Hajapata kumwona mama mkwe akitia tonge kinywani hata siku moja, maana ni mwiko. Basi tu, aliona kumwacha mama mkwe ahojiwe habari za mwili wake na daktari kijana wa kiume ni kumvunjia heshima, akawa anamkinga kwa majibu. Inasio alisamehewa. Lakini daktari je? Msomi mzima, kalamu mbili mfukoni, ameshindwa kuinua macho amtazame mwenye mguu!

"Amewahi kudhuriwa na dawa yoyote?"

"Hapana."

Hapana! Ng'ambo ya Ruvuma, kabla vita havijawavusha, sista wa misheni aliwahi kumdunga penisilini kwa ajili ya jipu. Hapo hapo mwili ulitoka vipele, ulimi ukavimba, koo likaziba, hata padri akaitwa kumwombea. Siku hizo Inasio hakujua kama duniani kuna Lucinda, seuze mama yake.

Daktari aliandika, kisha akamgeukia muuguzi. "Raheli, penisilini."

Raheli akaanza kuvuta dawa kwa bomba la sindano. Bi Carlota alitikisa kichwa kwa nguvu. Daktari akamwambia Inasio, "Mwambie asiogope. Sindano ndogo tu hiyo."

Mwambie! Kama mbuzi aliyeletwa josho! Bi Carlota aliivuta kanga usoni, akaitupa mabegani.

"Sindano hiyo itaniua!"

Inasio alishtuka, akageukia ukutani, kisha akatoka nje ameinama. Aibu ile ingedai kuku wa kuombana radhi nyumbani. Na achinjwe, alijiambia Bi Carlota, bora kuku kuliko mimi. Akaeleza yote, vipele, ulimi, koo na padri. Raheli aliweka bomba chini haraka.

Daktari naye aliingiwa na hofu, lakini badala ya kusema pole, akafoka.

"Sasa bibi, jambo kubwa hivi, mbona hukusema tangu ulipoingia?"

"Tangu nilipoingia umeniuliza nini?"

Daktari aliitazama karatasi aliyoijaza.

"Maumivu yangu umemuuliza yeye. Chakula changu umemuuliza yeye. Umeniandikia dawa ya kuniua kwa maneno ya mtu ambaye mimi na yeye hatujasemeshana tangu amwoe binti yangu! Ningekufa hapa, cheti cha kifo ungemwandikia nani? Yeye?"

Raheli aliinamia trei yake. Daktari aliikata ile karatasi kwa mstari mrefu, akachukua nyingine, akavuta kiti hadi mbele ya mgonjwa. Akakohoa kidogo. Alipotaka kuanza kuuliza, macho yakamkimbilia mlangoni, kumtafuta Inasio.

"Hapa," alisema Bi Carlota. "Nitazame mimi."