Chifu Aliyejitafuta Asijione

Benta Anyango alizaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Mvua ikinyesha atauliza imetoka wapi. Mchungaji akimaliza mahubiri atamfuata hadi mlangoni. Ndiyo maana, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mafuriko yalipopungua kule Ahero, yeye ndiye aliyesimama barazani kuuliza mahindi ya msaada yamekwenda wapi. Chifu Gordon Ogola alimjibu kwa fimbo. Mkono wa kushoto ukavunjika, ukaunga vibaya, na tangu hapo kupanda mpunga kukawa mateso.

Polisi hawakuandika neno. Majirani wakamsihi anyamaze, mwenye nguvu mpishe. Serikali haishtakiwi, walisema. Si Katiba yenyewe imesema? Benta hakuwahi kuiona hiyo Katiba, na jambo hilo lilimkera kuliko maumivu. Alitaka mahakama iseme wazi kwamba alipigwa bila haki. Lakini kwanza alitaka kujua kitabu kinasema nini, kwa hiyo akaenda Kisumu kwa wakili Walter Ouma, kijana wa kwao.

"Hapa," Walter akasema, kidole juu ya ukurasa. "Rais hashtakiwi kwa kosa la jinai akiwa madarakani."

"Na chifu?"

"Hayumo."

"DO, mkubwa wake?"

"Hayumo, Mama."

"Waziri je? Soma vizuri, usiruke."

"Ni mtu mmoja tu, Mama. Mmoja."

Benta alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso. "Yawa! Kumbe hawa wengine wote wanajifunika blanketi ya mtu!"

Polisi wakikataa kushtaki, sheria ilimruhusu mwananchi kushtaki mwenyewe, na Walter akaishika njia hiyo. Hakimu Nabalayo, mwanamke wa sauti ya upole na msimamo wa chuma, akakubali na kutoa samansi, hati ya kumwita mshtakiwa kortini. Sasa, samansi za mashambani zilikuwa na safari yao. Karani huzituma kwa chifu wa lokesheni, chifu humpelekea mshtakiwa, kisha huapa kwamba amempata au amemkosa. Karani Saleh alifanya kama alivyozoea miaka yote. Hata jina hakulitazama.

Siku ya kesi kizimba kilikuwa kitupu. Saleh akasimama, akasoma kiapo kilichorudi: "Mimi, Chifu Gordon Ogola, naapa kwamba nimemtafuta Gordon Ogola katika lokesheni yangu yote, nisimwone. Inasemekana amehamia Uganda."

Watu waliangua kicheko, na askari wa mlangoni akageukia ukuta mabega yakimtikisika. Benta hakucheka. Alikuwa akimkodolea macho hakimu, akitamani kujua mtu aliyesoma hufanya nini na jambo la namna hiyo. Nabalayo akaandika hati ya kumkamata chifu, na safari hii akawakabidhi polisi wa mjini moja kwa moja.

Wiki iliyofuata Gordon aliletwa, kichwa wazi, bila kofia yake ya cheo. Wakili wa serikali akadai kwamba chifu alikuwa kazini, na aliye kazini hashtakiwi.

"Katiba ilipotaka kumkinga mtu, ilimtaja," hakimu akasema. "Huyu ametajwa wapi?"

Wakili alipekua karatasi zake, akaketi. Hakimu akamgeukia Gordon. "Wewe ndiye uliyetafuta, au ndiye uliyetafutwa?"

Chifu alipima maneno. Aliyetafuta ameapa uongo. Aliyetafutwa amevunja mkono wa mtu. "Wote wawili, Mheshimiwa," akasema mwishowe.

Benta alisogea ukingoni mwa benchi. Bado kidogo tu, na mkono wake ungetajwa. Ndipo wakili wa serikali akainuka tena na karatasi ya Mwanasheria Mkuu kutoka Nairobi: serikali imeichukua kesi ya kupigwa kwa Benta Anyango, na imeifuta. Hakimu aliisoma, akairudia. Sheria ilimpa Mwanasheria Mkuu uwezo huo, naye hakuwa na la kufanya. Lakini kiapo cha uongo kililetwa mbele yake, na karatasi ile haikukigusa. Akaamuru Gordon apelekwe rumande, ashtakiwe kwa kuapa uongo.

Nje, watu wa Ahero walimzunguka Benta kwa vigelegele. "Umeshinda, Mama! Chifu ameingia ndani!"

"Ameingia sababu ya kudanganya korti," Benta akasema. "Na mkono yangu? Nani ameisema?" Akalia pale pale hadharani, wala hakujifunika uso. Vigelegele vikafifia. Walter alisimama kando yake akiona haya, ingawa kosa halikuwa lake.

Alipokwisha kulia, Benta alipenga kamasi, akaketi kwenye ngazi za mahakama. "Walter, wuoda, mwanangu. Huyo mkubwa wa Nairobi anafuta kesi ya watu, yeye anashtakiwa?"

Walter alifungua kitabu. Akasoma, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Hayumo," akasema polepole. "Ni yule mtu mmoja tu."

"Basi toa kalamu," Benta akasema. "Andika jina ya huyo wa Nairobi."